Msumeno Usiovuma: Matumizi na Matunzo ya Msumeno wa Mnyororo Utumiao Betri

Katika miaka ya karibuni maduka ya vifaa katika miji ya Afrika Mashariki yameanza kuuza msumeno wa mnyororo usiotumia petroli wala waya wa umeme, bali betri inayochomekwa kwenye mwili wake. Wapasuaji mbao wetu wameuzoea msumeno wa petroli, ambao wengi huuita chensoo, na ambao mngurumo wake husikika hata ng'ambo ya bonde. Huu mpya hausikiki hivyo. Usipobonyezwa hautoi sauti yoyote, hautoi moshi wala hautetemeki. Tena ni mwepesi kiasi cha kumfanya mtu aunyanyue kwa mkono mmoja. Kwa sababu hizo umeanza kuonekana mahali ambapo chensoo ilikuwa nadra kufika: katika bustani za nyumbani, katika mashamba ya mikorosho, na katika viwanja vya shule, ambako baada ya upepo mkali lazima apatikane mtu wa kuliondoa tawi la mwembe lililolalia paa la darasa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, namna ya kukitumia pasipo kuumia, na jinsi ya kukitunza. Hatukusudii kumfanya mwanafunzi kuwa mkata miti. Kuuendesha msumeno huu ni kazi ya mtu mzima aliyefundishwa, na mwanafunzi asiruhusiwe kuushika ukiwa na betri ndani yake. Lakini kanuni zinazouendesha ni zile zile zinazosomwa darasani chini ya vichwa vya mwendo, nishati, msuguano na umeme, na mwalimu atakayeuweka mezani bila betri atakuwa na somo zima la fizikia mbele yake.

Jambo moja msomaji alishike tangu mwanzo. Binadamu huogopa kinachonguruma. Kelele na mtetemo wa chensoo, pamoja na maudhi yake yote, humkumbusha mtumiaji kila sekunde kwamba ameshika kitu cha hatari. Msumeno wa betri umeondoa ukumbusho huo, lakini haukuiondoa hatari yenyewe, kwa maana hatari haikuwa ndani ya injini. Imo katika mnyororo.

Mnyororo na jino lake

Wazo la kutumia umeme kuendeshea msumeno wa mnyororo si geni. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, na ule wake wa petroli ulifuata miaka mitatu baadaye. Mashine za wakati ule zilikuwa nzito, za kubebwa na watu wawili, na ule wa umeme ulifungwa na waya wake kama mbuzi kwenye kamba. Katika msitu usio na umeme haukufaa kitu. Ndiyo maana petroli ilitawala kwa muda mrefu.

Meno ya minyororo ya kwanza yalifanana na meno ya msumeno wa mkono: yalikwaruza mbao na yalikuwa butu upesi. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani aitwaye Joseph Cox, katika jimbo la Oregon, alimwangalia kwa makini buu wa mbawakawa akila gogo. Buu yule hakuwa akikwaruza. Taya zake mbili zilizopinda zilikata kushoto na kulia kwa zamu, naye aliweza kupita kwenye mbao kwa kufuata nyuzi zake au kwa kuzikata. Cox aliiga taya hizo katika chuma. Mnyororo wa leo, uwe wa petroli au wa betri, una meno yaliyopinda hivyo, moja likielekea kushoto na lifuatalo kulia, na kila jino huondoa kibanzi kama randa ya seremala. Mbele ya kila jino pana kinundu kidogo cha chuma. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani katika mbao, nacho tutakirudia, kwa sababu wanaokiharibu ni wengi.

Mnyororo huzunguka kwenye kingo za bapa la chuma lenye mfereji mwembamba, ukivutwa na gurudumu dogo la meno lililo upande wa mota. Tuchukue mfano wa msumeno wa kadiri, ambao bapa lake lina urefu wa sentimita 35. Mnyororo wake, ukifunguliwa na kunyooshwa, una urefu wa karibu mita moja, na una meno yakatayo 26. Tuseme unakwenda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kawaida kwa misumeno ya betri, na mingine hukimbia zaidi. Basi katika kila sekunde meno 390 hupita mahali pamoja. Mtu mwepesi huhitaji sehemu mbili za kumi za sekunde ili aone jambo na kuanza kujibu kwa mkono wake. Katika muda huo mfupi meno 78 yamekwisha kupita. Hesabu hii yafaa kufanywa ubaoni, kwa kuwa hujibu swali la wale wanaodai kwamba wao ni wepesi na wataondoa mkono kwa wakati.

Mota ya umeme ina tabia nyingine inayopasa kujulikana. Injini ya petroli ikiwa kwenye mzunguko wa chini haina nguvu nyingi, na huhitaji kupandishwa kasi ndipo mnyororo uanze kwenda. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu inapoanza kutoka kwenye kusimama. Kidole kikibonyeza, mnyororo uko kwenye kasi kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Hapana hali ya katikati baina ya kulala na kuamka. Kwa hiyo ipo amri isiyo na msamaha: kabla ya kugusa mnyororo kwa sababu yoyote, kama kuukaza, kuunoa, kuondoa kibanzi kilichokwama au kuupeleka mti wa pili, betri itolewe na kuwekwa kando. Haitoshi kuondoa kidole. Chensoo iliyozimwa huhitaji kuvutwa kamba ili iamke. Msumeno wa betri huamshwa na kiganja kilichoteleza. Ni kweli kwamba watengenezaji huweka kifungo cha usalama, ili pabonyezwe mahali pawili ndipo uende, lakini nimewaona watu wanaokifunga kifungo hicho kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili wasichoke kidole. Mtu wa namna hiyo asipewe msumeno.

Teke la msumeno

Ajali inayoogopwa kuliko zote ni ile ya msumeno kuruka ghafla kuelekea kwa mtumiaji. Hapa tutaiita teke. Chanzo chake ni sheria ya tatu ya Newton na umbo la bapa.

Mnyororo upitao juu ya bapa huenda mbele, ukimwacha mtumiaji. Ufikapo kwenye ncha hugeuka chini, kisha hurudi kwa mtumiaji ukipita chini ya bapa. Sasa fikiria robo ya juu ya ncha, yaani pale mnyororo unapoanza kugeuka. Meno ya hapo yanakwenda mbele na chini kwa pamoja, na kwa sababu yanazunguka kona, kila jino huinuka kidogo na kung'ata kwa kina kuliko kawaida. Jino la mahali hapo likigusa tawi, gogo lililofichika nyuma, au hata ardhi, na likakwama, mbao husukumwa mbele na chini. Nayo mbao huisukuma ncha ya bapa nyuma na juu kwa kani iliyo sawa. Ncha iko mbali na mikono, kwa hiyo kani hiyo huuzungusha msumeno mzima. Bapa huruka kwa mkato wa duara, na mwisho wa duara hilo ni uso, shingo au bega la kushoto la aliyeushika.

Nishati inatoka wapi? Mnyororo wetu wa mfano una uzito wa kiasi cha gramu 200. Kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni nusu ya 0.2 mara 15 mara 15, yaani jouli 22.5. Hiyo ni sawa na kitu cha kilo moja kilichoangushwa kutoka urefu wa mita 2.3. Ikiwa mnyororo umesimamishwa ghafla, sehemu ya nishati hiyo huhamia kwenye mwili wa msumeno, na mota iliyobonyezwa bado huongeza yake. Yote hutokea katika muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika hesabu hii hakuna mahali palipoandikwa petroli, wala mlio. Anayedhani msumeno wa betri hauwezi kupiga teke kwa sababu ni mpole na aifanye tena.

Kutokana na maelezo haya, kanuni za kuushika huwa ni mambo yanayoeleweka, si amri za kukariri. Mtumiaji haukabili mstari wa bapa kwa uso wake. Husimama kidogo kushoto kwake, ili teke likija lipite kando ya bega la kulia. Mikono yote miwili hushika, na kidole gumba cha kushoto huzunguka mpini wa mbele kwa chini, kwa sababu gumba lililolala juu pamoja na vidole vingine halizuii kitu. Mkono wa kushoto huwa umenyooka kiasi, uwe kama boriti. Hapana kukata juu ya mabega, ambako mikono haina nguvu na bapa liko sawa na uso. Hapana kukata juu ya ngazi. Ncha ya bapa huangaliwa daima, hasa katika rundo la matawi ambamo haionekani inagusa nini.

Mbele ya mpini wa kushoto ipo kinga ambayo pia ni kishikio cha breki. Teke linapotokea, kifundo cha mkono huisukuma kinga hiyo, au uzito wake wenyewe huifanya ibaki nyuma wakati msumeno unaruka, na breki huusimamisha mnyororo. Breki za namna hii zilianza kuenea miaka ya 1970 na zimeokoa watu wengi. Breki ijaribiwe kila siku kabla ya kazi: msumeno ukiwa umeshikwa vizuri na mnyororo ukienda, sukuma kinga mbele kwa kifundo cha mkono, mnyororo usiposimama papo hapo, kazi haianzi.

Hapa lazima niseme neno juu ya vijisumeno vya mkono mmoja, vyenye bapa la sentimita 10 au 15, vinavyouzwa kwa bei nafuu na kusifiwa kwamba hata mtoto anaweza kuvitumia. Vingi havina breki. Udogo wa bapa hupunguza urefu wa duara la teke, lakini huiweka ncha karibu zaidi na kazi, kwa hiyo hugusa kitu kwa urahisi zaidi. Tena mkono wa pili, ambao katika msumeno mkubwa umeshughulishwa na mpini, hapa uko huru, nao hutafuta kazi: hulishika tawi linalokatwa. Mkono huo ndio unaokatwa. Kwa maoni yangu chombo hiki ni cha kutazamwa kwa mashaka makubwa kuliko ndugu yake mkubwa.

Mavazi tutayapitia haraka. Viatu viwe buti ngumu. Kandambili, ambazo bado twaziona miguuni mwa wapasuaji mbao wengi, si viatu vya kazi hii. Macho yafunikwe kwa miwani au wavu, na kichwa kwa kofia ngumu. Masikio nayo yazibwe, maana msumeno wa betri ukiwa ndani ya mbao hupiga kelele za kutosha kuharibu usikivu kazi ikiwa ya kutwa. Kanga, shali na mikono mirefu ya shati inayoning'inia ibaki nyumbani. Ipo pia suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huvutwa na kujisokota kwenye gurudumu la meno hadi likwame. Hupimwa kwa kasi ya mnyororo, daraja la kwanza likiwa la mita 20 kwa sekunde. Ni kinga nzuri, lakini kwa msumeno wa umeme isitegemewe kama ukuta: mota yake haipotezi nguvu ya kuzungusha kasi inapopungua, kwa hiyo yaweza kuendelea kuvuta mahali ambapo injini ya petroli ingezimika.

Mbao inayobanwa na mbao inayovutwa

Kuangusha mti mzima kuna elimu yake, nasi hatutaigusa hapa isipokuwa kwa kusema kwamba ofisi ya misitu ya wilaya iulizwe kwanza, kwamba watu wengine wakae mbali kwa urefu usiopungua mara mbili ya mti, na kwamba mti ulio karibu na waya za umeme ni kazi ya shirika la umeme. Kazi ambayo shule hukutana nayo mara kwa mara ni kukata vipande gogo au tawi lililokwisha kuanguka. Huonekana nyepesi, na watu huumia humo.

Gogo lililoegemea kwenye ncha zake mbili, huku katikati pakiwa wazi, hupinda kidogo kwa uzito wake. Nyuzi za juu hubanwa, nyuzi za chini huvutwa. Mtu akianza juu na kuendelea moja kwa moja, njia ya msumeno hujifunga kama mdomo na kulikamata bapa. Mnyororo wa juu ya bapa ukikamatwa hivyo, msumeno wote husukumwa nyuma kwa mtumiaji. Njia sahihi ni kukata kwanza upande uliobanwa, theluthi moja ya unene, kisha kumalizia kutoka upande unaovutwa. Kwa gogo hili ni juu kwanza, chini baadaye. Kwa tawi lililoshikwa upande mmoja tu na kuning'inia upande wa pili, hali hugeuka: juu kunavutwa, chini kunabanwa, basi tunaanza chini. Tawi kama hilo likikatwa juu peke yake, hupasuka kwa urefu na kuchuna ganda la mti mpaka shinani.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa muhogo mbichi mrefu, matofali mawili na kisu. Wanafunzi wakate juu, waone kisu kinavyoshikwa. Wageuze, waone njia inavyofunguka.

Kijiti chembamba kilichopindishwa chini ya gogo kama upinde ni hatari kuliko gogo lenyewe. Kikikatwa hufyatuka na kurusha msumeno. Kipunguzwe mvuto wake kidogo kidogo kwa upande wa ndani wa upinde, au kiachwe.

Betri

Betri za misumeno hii ni za lithiamu. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliofanya kazi ya msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani ya kasha mna seli nyingi ndogo, kila moja ikiwa na volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikiwa imejaa. Seli 10 zilizofuatana hutoa volti 36. Seli 5 hutoa volti 18 kwa wastani, au 21 zikiwa zimejaa. Ndiyo sababu kasha moja huandikwa 18 na jingine 20, ilhali ni kitu kile kile. Mnunuzi asilipe zaidi kwa ajili ya maandishi.

Kiasi cha nishati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180, yaani jouli 648,000. Ni nyingi kwa kuzitazama, lakini petroli ya kujaza vijiko vinne vya chai ina nishati kama hiyo. Kinachoiokoa betri ni kwamba mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa ya nishati kuwa mwendo, wakati injini ndogo ya petroli hupoteza sehemu kubwa kama joto na moshi. Hata hivyo, msumeno unaovuta wati 1,000 mfululizo utaimaliza betri hiyo katika muda usiozidi dakika 11. Kwa hiyo msumeno huu ni wa kazi fupi fupi, nao hauvumilii uzembe wa matunzo: kila jino butu na kila tone la mafuta lililokosekana hulipiwa kutoka katika akiba hii ndogo.

Adui wa betri ya lithiamu ni joto, maji na chaja isiyo yake. Baada ya kazi nzito iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Ichajiwe juu ya saruji au bati, mahali penye mtu macho, wala si juu ya godoro au karibu na majani makavu. Tofauti na betri za kale za nikeli na kadimiamu, hii haihitaji kumalizwa kabisa kabla ya kujazwa. Kuimaliza kabisa huidhuru. Ikiwa haitatumika kwa miezi, ihifadhiwe ikiwa imejaa nusu, mahali penye ubaridi na ukavu, nje ya msumeno. Shule isiyo na umeme wa gridi yaweza kutumia jua: paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua zuri hutoa, kwa hesabu ya juu, wati-saa 500, na hata baada ya upotevu wa njiani hutosha kujaza betri yetu moja, pengine mbili.

Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama majini isichajiwe tena. Seli iliyoharibika ndani yaweza kujipasha joto yenyewe, joto hilo likaharakisha mmenyuko wa kemikali, na mmenyuko ukaongeza joto, mpaka kuwaka. Moshi wake una sumu. Watu watoke, na mlango uachwe wazi. Betri chakavu haitupwi motoni wala chooni; irudishwe kwa muuzaji au kwa wakusanyaji wa taka za umeme waliosajiliwa.

Mafuta, mvuto na tupa

Mnyororo uendao mita 15 kwa sekunde ndani ya mfereji wa chuma hauwezi kuishi bila mafuta. Msumeno una tangi dogo la mafuta yanayodondoka kwenye bapa, na wanunuzi wengi hawajui kwamba hutoka dukani likiwa tupu. Mafuta ya kazi hii hufanywa yawe ya kunata ili yasirushwe mnyororo unapogeuka kwenye ncha. Mafundi wetu wamezoea kutumia mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini za magari. Tabia hiyo iachwe. Mafuta hayo yana chembe za chuma zinazolisaga bapa, na yana masalio ya mwako yenye madhara kwa ngozi na mapafu, na yote hurushwa hewani kama ukungu mbele ya pua ya mtumiaji, kisha hubaki kwenye udongo. Mafuta ya alizeti yaweza kusaidia siku ambayo hapana mengine, lakini hushikana na oksijeni na kuwa gundi. Tangi lisafishwe jioni ile ile.

Kukaza mnyororo ni kazi ya dakika moja. Betri ikiwa nje, vuta mnyororo katikati ya upande wa chini wa bapa: uvutike kidogo, lakini ulimi wake usitoke kwenye mfereji, tena uzungushike kwa mkono uliovaa glavu. Wakati wa kazi hulegea kwa joto. Chuma cha urefu wa mita moja kikipata joto la nyuzi 60 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.7, na ingawa bapa nalo hupanuka, mnyororo hupata joto zaidi. Anayeukaza ungali moto aulegeze kabla ya kuuweka, la sivyo utajifinya unapopoa na kuvuta mhimili wa mota.

Mnyororo mkali hujulikana kwa kile unachotupa. Ukitoa vibanzi, ni mkali; ukitoa vumbi, ni butu. Aliye na mnyororo butu hulazimika kuukandamiza, na aukandamizaye msumeno hupoteza usawa wake pale mbao inapokatika ghafla. Hunolewa kwa tupa ya mviringo, ambayo kipenyo chake hutajwa katika kitabu cha mashine, mara nyingi kati ya milimita 4 na 5.5. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na hairudishwi ikiwa imegusa. Kila jino lipate idadi sawa ya misukumo. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, msumeno hukata kwa kupinda kama ng'ombe mwenye jicho moja.

Sasa turudi kwenye kile kinundu mbele ya jino. Jino linapopungua kwa kunolewa, kinundu nacho hupaswa kupunguzwa kidogo kwa tupa bapa, ili tofauti ya kimo baina yao ibaki ile iliyowekwa, ambayo kwa minyororo midogo mingi ni milimita 0.65. Wako wanaokipunguza sana wakitaka msumeno ule haraka. Hupata walichotaka kwa nusu saa, maana jino sasa huzama kupita kiasi. Kisha mota huchoka, betri huisha, na teke huwa jepesi kutokea na zito kupokewa. Kipimo maalumu cha kinundu huuzwa kwa bei ndogo, na kisikosekane katika sanduku la vifaa.

Miti yetu haifanani mbele ya tupa. Msindano laini utakubali mnyororo ule ule tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, hulazimisha kunoa mara kwa mara. Mvule una mtego wake: ndani ya gogo lake huweza kukutwa vipande vya jiwe gumu la kalsiamu kaboneti, vilivyojengwa na mti wenyewe wakati wa uhai wake, na havionekani kwa nje. Vumbi lake pia huwasha pua na ngozi. Cheche zikitoka ndani ya mvule, acha kubonyeza mara moja, toa betri, na utazame meno. Jino lililovunjika ncha hunolewa mpaka sehemu iliyoharibika iishe, na mengine yote hupunguzwa yalingane nalo. Mnyororo ambao meno yake yamebaki na urefu wa milimita 4 umekwisha kazi yake. Na baada ya minyororo miwili, gurudumu la meno libadilishwe pamoja na wa tatu.